Uvira: Mashini ya sukari ya nyumbani inasema kweli mpaka wapi?

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa sukari wa Uvira alikuwa anaijua namba yake siku ya randevu tu. Alifika kituo cha afya asubuhi na njaa, akatoa damu, akangoja kwenye benchi, akaandikiwa namba katika fishi yake, akarudi nayo nyumbani mpaka mwezi unaofuata. Kati ya siku hizo mbili sukari ilifanya ilivyotaka na hakuna aliyeiona.

Siku hizi kuna nyumba, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, ambamo utakuta mashini ndogo inayolingana na simu ya zamani, kopo la bandeleti na sindano za kutobolea kidole. Mashini hizo hazikutoka mahali pamoja. Moja imevuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, nyingine imenunuliwa Bujumbura, nyingine imekuja ndani ya valizi ya ndugu anayeishi Ulaya au Canada. Mgonjwa anatoboa kidole, anagusisha tone la damu, anahesabu sekunde tano, namba inatoka. Ni msaada mkubwa, na asubishe mtu. Lakini kwenye mabenchi ya vituo vya afya swali ni lile lile: mashini yangu inasema hivi, labo inasema vile, nani mwongo?

Mara nyingi hakuna mwongo. Ila kuna mambo ambayo mwenye mashini angepaswa kuambiwa siku ile ile anapoipokea, na wengi hawaambiwi. Mwalimu mmoja wa Kimanga aliyajifunza moja moja, na moja kati ya hayo lilikaribia kumuua.

Mwalimu huyu amestaafu, alifundisha shule ya msingi karibu maisha yake yote, na hata wazee wenzake hawamwiti jina lingine. Anajidunga insulini asubuhi na jioni. Mtoto wake anayefanya biashara Kigoma ndiye alimletea mashini, mpya kabisa, ndani ya kartoni yake. Mwalimu alisoma maelezo, akapima, akaona 9,0. Akafungua fishi ya kituo cha afya: mara ya mwisho waliandika 1,62. Kwa hesabu ya haraka sukari ilikuwa imejizidisha zaidi ya mara tano ndani ya wiki tatu. Alikaa chini, akamtuma mjukuu amwite muuguzi jirani.

Muuguzi alitazama mashini, akatoa simu, akafungua kikokotozi. Tisa mara kumi na nane: mia moja sitini na mbili. Sukari ilikuwa ile ile.

Hapa kwetu kuna vipimo vitatu vinavyotembea pamoja bila kutambulishana. Labo nyingi za Congo zinaandika gramu kwa lita, kama 1,62, au miligramu kwa desilita, kama 162. Hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, unasogeza mkato tu. Lakini Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, pia Uingereza na Canada, wanahesabu kwa milimoli kwa lita, na huko sukari hiyo hiyo inaitwa 9. Ukitaka kutoka kwenye milimoli kwenda kwenye miligramu, unazidisha mara 18. Mashini iliyotengenezwa kwa soko la Tanzania haijui kwamba imevuka ziwa.

Mwalimu alipata hofu ya bure, na hiyo ni afadhali. Kosa la hatari ni lile la upande mwingine. Mtu aliyezoea 162 anaona 16,2 kwenye mashini ngeni, macho yake hayasomi mkato, anasema «sawa, ni kama siku zote», anaenda kula. Kumbe 16,2 ya milimoli ni karibu 292 ya miligramu, sukari ambayo haipaswi kuachwa. Mashini nyingi zimefungwa kiwandani kwenye kipimo kimoja, lakini kuna za zamani ambazo mtu akibonyeza vitufe kwa bahati mbaya kipimo kinabadilika. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kutazama ni zile herufi ndogo kando ya namba: mg/dl au mmol/l. Mwalimu alibandika kipande cha sparadra nyuma ya mashini yake, akaandika kwa bic: «mara 18».

Baada ya hapo aliiamini sana. Labda kupita kiasi.

Ulikuwa msimu wa maembe. Siku ya posho, jioni, wajukuu walikuwa wamejaa uwanjani, na yeye ndiye alishika kisu akawamenyea maembe yaliyoiva hadi maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko. Yeye mwenyewe hakula hata kipande, ni mtu wa nidhamu. Alijipangusa kwa kitambaa, akaingia ndani, akapima kabla ya chakula cha jioni kama alivyoagizwa. Mashini ikaandika 17,7. Mara 18, karibu 319.

Hakupima mara ya pili, maana bandeleti ni feza. Alijidunga dozi yake ya jioni, akaongeza yuniti sita kwa akili yake mwenyewe, na kwa sababu ya woga akala bugali kidogo kuliko kawaida. Kwenye saa nane za usiku mke wake aliamshwa na sauti. Mzee alikuwa analowa jasho, shuka limelowa, macho yako wazi, anaita majina ya wanafunzi kama yuko mbele ya darasa. Mama huyo hakutafuta mashini. Aliona kwamba bado anaweza kumeza, akakoroga sukari ya kutosha ndani ya kikombe cha maji, akamnywesha kidogo kidogo huku amemwegemeza kifuani. Kama mtu hawezi kumeza, maji hayo yanaingia kwenye mapafu, na hapo ni kumkimbiza hospitali. Robo saa baadaye mwalimu aliuliza kwa nini taa inawaka. Ndipo wakapima: 3,4, yaani 61, na hiyo ni baada ya kikombe cha sukari.

Kesho yake muuguzi alimuuliza swali moja tu: «Papa Mwalimu, kabla ya kupima ulikuwa unashika nini?»

Tone ambalo mashini ya kisasa inanyonya halifiki hata mikrolita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Ili namba ipande kwa 200 kwenye tone la namna hiyo, inatosha sukari ya uzito wa sehemu mbili za milioni za gramu. Chembe moja ya sukari ya mezani ina uzito huo mara mia na zaidi. Basi juisi ya embe, ya ndizi, ya muwa, ya chungwa, au tone la sukre lililokauka kwenye ngozi ya kidole, linaweza kutengeneza 319 kwa mtu ambaye damu yake iko salama kabisa. Mashini haikudanganya. Ilipima damu na embe pamoja.

Na spiriti? Wengi wanafuta kidole kwa pamba yenye spiriti wakadhani wamemaliza kazi. Spiriti inaua vijidudu, lakini haiondoi vizuri sukari ya matunda iliyoganda kwenye ngozi. Maji na sabuni ndiyo yanaiondoa, halafu kidole kikaushwe kabisa, maana kidole chenye maji kinaongeza maji kwenye tone na namba inashuka kwa uongo. Siku ambazo robine ya REGIDESO imekauka, kikombe kimoja cha maji kinatosha kwa kidole. Hata hicho kikikosekana, na mikono haikushika kitu kitamu, wataalamu wanakubali kupangusa tone la kwanza na kupima la pili. Kukamua kidole kama mtu anayekamua ndimu, hapana: kunatoa maji ya nyama pamoja na damu.

Baada ya usiku ule mwalimu aligeuka. Aliyeiamini mashini sasa akaanza kuishuku, akaipeleka labo kwa kesi. Alifika bila kula, akatolewa damu kwenye mshipa, na dakika hiyo hiyo akapima kidole chake mwenyewe. Mashini: 8,8, ambayo ni 158. Karatasi ya labo: 1,41.

Laboranteni alikuwa kijana aliyepitia mikononi mwake darasani.

«Mwanangu, kwenye mtihani wa hesabu mtu akiandika 158 mahali pa 141, nampa sifuri.»

«Ni kweli, Papa Mwalimu. Lakini hii si hesabu, ni mizani ya sokoni. Kwa mashini ya nyumbani, 158 na 141 ni majirani.»

Kijana alikuwa na haki. Kuna kanuni ya shirika la kimataifa la viwango, ISO, yenye namba 15197, iliyorekebishwa mwaka 2013, na ndiyo viwanda vinavyoifuata. Inasema hivi: kati ya vipimo 100, angalau 95 visitofautiane na labo kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapofika 100 au kupita. Sukari ikiwa chini ya 100, tofauti isizidi miligramu 15. Kanuni ya kabla ya hapo, ya mwaka 2003, ilikuwa inaachilia mpaka asilimia 20. Tofauti ya mwalimu ilikuwa asilimia 12. Mashini yake ilifaulu.

Inafaa kukaa kidogo juu ya maana ya jambo hilo nyumbani. Kama sukari ya kweli ni 200, mashini nzuri, mpya, isiyo na kosa lolote, inaruhusiwa kuandika 170, na inaruhusiwa kuandika 230. Basi familia inayogombana asubuhi kwa sababu jana ilikuwa 190 na leo ni 210, «ulikula nini usiku?», inagombana juu ya upepo. Na upande wa chini ndiko kwenye uzito zaidi. Sukari chini ya 70 inahesabiwa kuwa imeshuka. Kama ya kweli ni 60, mashini halali inaweza kuandika 75, na mgonjwa anajiona yuko salama wakati mikono inatetemeka na jasho linatoka. Katika hali hiyo mwili ndio wa kusikilizwa: anywe kitu cha sukari kwanza, ajadiliane na mashini baadaye. Mke wa mwalimu, ambaye hakusoma karatasi yoyote, alifanya hivyo hivyo. Na hao watano waliobaki kati ya 100, kanuni inakubali watoke nje ya mpaka huo. Ndiyo maana namba ya ajabu, isiyofanana na hali ya mtu, inapimwa mara ya pili kwa mikono iliyonawa kabla ya kugusa insulini. Bandeleti moja ni ghali, lakini si kama usiku ule.

Wako wanaosema kwamba mashini zinazofika Afrika ndizo mbovu, na nzuri zinabaki kwa wazungu. Tatizo la bidhaa za magendo lipo, lakini jambo lenyewe si rahisi hivyo. Mwaka 2018 yalitolewa nchini Marekani matokeo ya uchunguzi wa aina 18 za mashini zilizokuwa zinauzwa huko huko, zote zikiwa na ruhusa ya serikali. Zilipitishwa kwenye majaribio matatu. Zilizofaulu yote matatu zilikuwa 6 tu. Kwa hiyo kununua Ulaya au Marekani si cheti.

Hapa kwetu adui mkubwa si mashini yenyewe. Ni safari ya bandeleti na maisha yake ndani ya nyumba.

Bandeleti si karatasi ya kawaida. Kwenye ncha yake kiwandani wamepaka enzaimu, aina ya protini inayoikamata sukari ya kwenye damu na kuifanya iachilie umeme kidogo sana. Mashini inapima umeme huo na kuugeuza kuwa namba. Enzaimu inaharibiwa na joto, unyevu na hewa. Kwenye kopo kimeandikwa mara nyingi lisipite nyuzi 30. Mtu anayeijua Uvira, nyumba ya mabati, saa saba ya mchana, anaweza kujibu mwenyewe kama nyuzi 30 hazipitwi. Na kabla ya kufika nyumbani, kopo limekaa juaani kwenye boti, au mbele ya kioo cha gari, au kwenye meza ya muuzaji anayepanga dawa nje kama nyanya.

Kuna wagonjwa waliofundishwa kuhifadhi insulini ndani ya nyungu yenye mchanga na maji, na ni mafundisho mazuri. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa inaweza kuvumilia wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Lakini wengine wakaona: kama nyungu inafaa insulini, tuweke na bandeleti humo humo. Hapana. Nyungu inapoza kwa sababu ina unyevu, na unyevu ndio unaoua bandeleti. Friji pia ina shida hiyo, ukitoa kopo baridi na kulifungua kwenye joto, maji yanaganda ndani. Bandeleti zinataka sehemu kavu, yenye kivuli, mbali na jiko, ndani ya kopo lao lenyewe, kifuniko kimefungwa mara tu baada ya kutoa moja. Ule weupe ulio ndani ya kopo au kwenye kifuniko umewekwa kunyonya unyevu, si uchafu wa kutupa. Na muuzaji anayekuuzia bandeleti kumi zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi, hata kama ana huruma na mfuko wako, anakuuzia kitu ambacho huenda kimeshakufa.

Halafu kuna tarehe mbili, watu wanajua moja. Ya kwanza imechapwa kwenye kopo. Ya pili haichapwi na mtu yeyote, ni siku ulipofungua. Aina nyingi za bandeleti zinapaswa kumalizika katika miezi mitatu au sita baada ya kopo kufunguliwa. Kopo lina bandeleti 50. Mgonjwa anayepima mara moja kwa wiki, kwa kubana matumizi, atazitumia karibu mwaka mzima. Nusu ya kopo lake anaipima wakati muda umeshapita. Anajinyima, na kwa kule kujinyima anapata namba isiyo na uhakika. Umaskini unaingia mpaka ndani ya kipimo.

Kuna maji maalumu ya kujaribia mashini, yenye sukari inayojulikana. Unatia tone lake kwenye bandeleti, unalinganisha namba na mipaka iliyoandikwa kwenye kopo. Yanauzwa kando, na katika farmasi za hapa ukiyauliza wengine wanadhani unataka dawa ya macho. Asiyeyapata ana njia ya mwalimu: kupeleka mashini labo siku ya randevu. Lakini afanye vizuri. Apime akiwa hajala, kwa sababu baada ya chakula damu ya kidole inakuwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa na tofauti itaonekana kubwa bure. Apime dakika ile ile anapotolewa damu, si baada ya kurudi nyumbani.

Na labo nayo isikae kama hakimu asiyeshtakiwa. Damu iliyo kwenye tube inaendelea kuishi: chembe zake zinakula sukari, karibu asilimia 5 mpaka 7 kwa kila saa katika joto la chumba, na joto likizidi zinakula haraka zaidi. Tube iliyotolewa saa moja asubuhi kwenye kituo cha afya, ikangoja pikipiki, ikafika labo saa nne, inaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko ile iliyokuwa kwenye mwili wa mgonjwa. Dawa ya jambo hilo ni tube ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, au kutenganisha damu mapema. Si kila mahali zinapatikana. Siku hiyo mgonjwa akisema «mashini yangu inazidisha», huenda ni labo iliyopungukiwa.

Limebaki jambo ambalo halizungumzwi sana, na kwa eneo letu la malaria lingepaswa kuzungumzwa kila wiki. Ni damu yenyewe. Mashini hizi zimetengenezwa zikidhani damu ya mtu ina kiasi fulani cha chembe nyekundu. Mtu akipungukiwa damu, chembe zimekuwa chache, maji ya damu yanafika kwa wingi kwenye enzaimu, na namba inatoka juu kuliko ukweli. Chembe zikizidi, kama kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara, namba inatoka chini. Kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya kartoni wameandika mipaka: nyingine zinakubali hematokriti kati ya asilimia 30 na 55, nyingine mpya zinakwenda kutoka 10 mpaka 65. Mgonjwa wa sukari ambaye ametoka kuugua malaria na bado macho yake ni meupe, anaweza kuona namba inayomwambia aongeze insulini wakati hapaswi.

Kwa watoto ni mbaya zaidi. Malaria kali inapunguza damu ya mtoto, na malaria kali hiyo hiyo inashusha sukari yake. Hata kinini, kwa mahali ambapo bado inatumika, inaweza kuishusha. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari iliyo chini ya 40, yaani 2,2 ya milimoli, kati ya alama za malaria kali. Sasa fikiria mtoto aliyeletwa usiku, mweupe kama karatasi, amezimia, na mashini ya kituo ni ya aina inayokubali hematokriti 30 tu kwenda juu, wakati yake ni 15. Inaandika 65. Inaonekana si mbaya sana. Ya kweli inaweza kuwa chini sana ya hapo. Wauguzi wenye uzoefu hawabishani na mashini usiku huo, wanampa glukozi. Lakini kuchagua mashini yenye mipaka mipana kwa ajili ya wodi ya watoto ni uamuzi wa siku ya kununua, na siku ya kununua mara nyingi kinachotazamwa ni bei.

Mwalimu sasa ana kaye. Ana mistari minne: tarehe, saa, namba, na «nilikuwa nafanya nini». Mstari huo wa nne ni wake mwenyewe, hakuna muganga aliyemwagiza, na muganga wake anausoma kwanza kabla ya namba. Kopo ameliandika siku ya kufunguliwa kwa bic nyeusi. Bei ya kopo moja la 50 inaweza kushinda ya mashini yenyewe, na mtoto wa Kigoma naye ana watoto.

Ndiyo sababu tangu mwaka jana nyumba tatu za kartie yao wananunua kopo moja pamoja: mwalimu, jirani wake fundi baiskeli, na mama mmoja anayechuuza ndagala Kalundu. Kila mmoja anapima mara mbili kwa wiki, na kila siku inayoongezwa na muganga inahesabika. Bandeleti sita kwa wiki, kopo linamalizika ndani ya miezi miwili hivi, kabla halijaharibika. Haligawanywi. Linakaa kwa mwalimu, kwenye kabati ya vitabu, na wengine wawili wanakuja kupimia kwake. Sindano kila mtu na zake, hapo hakuna udugu, kwa sababu sindano ya kuazimana inapitisha ugonjwa wa ini na UKIMWI. Mashini inapanguswa baada ya kila mtu. Kwenye mlango kuna ndoo yenye robine na sabuni, na mke wa mwalimu ndiye polisi: aliyepita bila kunawa anarudishwa, hata fundi, hata akisema amenawa kwake.

Mpango huo nao una kelele zake. Mama wa ndagala anaondoka kwenda ziwani kabla ya jua, hawezi kuja asubuhi, anapima jioni, na fundi anashangaa kwa nini namba zake zinakwenda juu kuliko za wengine. Wamemweleza mara nyingi kwamba yeye hapimi akiwa na njaa. Kelele kubwa ilikuwa juu ya bandeleti zinazopotea. Tone likiwa dogo, mashini inaandika kosa na bandeleti hiyo haitumiki tena. Nani anailipa? Fundi ana vidole vigumu vya kazi, damu yake haitoki kirahisi, na makosa mengi ni yake. Walibishana wiki mbili. Mwisho mwalimu alifungua ukurasa wa nyuma wa kaye, akaandika «hasara ya wote», akachora mstari chini yake. Katika kopo la sasa kuna alama nne kwenye ukurasa huo, tatu za fundi na moja ya mwalimu mwenyewe, na bandeleti zilizobaki ni kumi na moja.